Mashine Inayocheza

Jina la Milimita hakupewa na wazazi wake. Alilipata karakanani, siku alipotoa kalipa mfukoni, kile chombo cha chuma chenye taya mbili za kupimia unene, akaipima mikate iliyogawiwa mezani na kuthibitisha mbele ya mashahidi kwamba mgawo haukuwa wa haki. Aliyegawa alikuwa msimamizi. Tangu hapo msimamizi hakugawa tena mkate mbele yake, na fundi hakuitwa tena jina lake la kuzaliwa, hata na watu waliolijua.

Alikuwa mkereza vyuma. Kukereza ni kukizungusha chuma na kukimenya kikiwa mbioni, kama mtu anayemenya chungwa bila kulikata ganda, ila chungwa hili likikasirika linaondoka na kidole. Sehemu kubwa ya utu uzima wake aliimalizia mbele ya mashine moja katika karakana ya pampu za maji. Aliijua mashine hiyo kuliko alivyowajua majirani zake, na tusidanganyane, aliipenda kuliko alivyowapenda. Kisha akaja bwana mmoja mwenye tai na michoro ya rangirangi, akazungumza asubuhi nzima kuhusu mageuzi. Wafanyakazi wakapiga makofi, wakatoka kwenda kula, na waliporudi wakakuta kufuli mlangoni. Wakubwa waliyaita mageuzi, mafundi wakaliita kufuli, na kwa kweli vyote viwili vilikuwa kitu kimoja.

Milimita akarudi nyumbani, na taabu ya mkewe ikaanzia hapo.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Mama Sindano, nusu kwa sababu ya kazi yake na nusu kwa sababu ya ulimi wake. Alishonea katika chumba cha mbele, dirisha moja, meza moja ya kukatia, cherehani ya miguu iliyorithiwa kwa shangazi, na mahali pa mtu mmoja kukaa. Mume aliyezoea kusimama kutwa hakuweza kukaa hapo wala kwingineko. Akaanza kusaidia. Mungu amnusuru kila mke na mume anayesaidia. Alipima pindo za sketi kwa kalipa na kuzirudisha zifumuliwe. Alikataa pakiti nzima ya vifungo kwa kuwa havikuwa duara kamili. Mteja mmoja, mama mwenye heshima zake, alielezwa kwa upole kwamba bega lake la kushoto liko chini ya la kulia kwa milimita kumi na moja. Alichukua kitambaa chake na mabega yake yote mawili, akaenda kwa fundi mwingine.

Mama Sindano alimpenda mumewe. Tuseme tu kwamba alimpenda vizuri zaidi alipokuwa kazini. "Mume ni kama pasi," alimwambia mdogo wake, dereva wa lori. "Kifaa kizuri, kila nyumba inakihitaji, lakini hukipakati kutwa nzima."

Ndipo shule moja ikataka sare za wanafunzi wake wote. Ofisi ya shule ilieleza, kwa Kiswahili cha ofisini, kwamba malipo yalikuwa "kwenye mchakato", maana yake hayakuwepo. Lakini kwenye stoo kulikuwa na mashine fulani ya chuma, kubwa, haina kazi, inabana madawati mabovu. Je, mama angeipokea badala ya malipo? Mama Sindano akaenda na mdogo wake kuiangalia. Ilikuwa na mpini upande huu, mpini upande ule, na reli ndefu katikati. Hakuwa amewahi kumtembelea mumewe karakanani, lakini alikuwa amesikia maelezo ya mashine ya aina hiyo kila jioni tangu ndoa yao ikiwa changa, mara nyingine akiwa usingizini. Akaitambua kama mtu anavyomtambua mke mwenza kwa sifa zake. Akakubali.

Alishona mpaka kidole cha shahada kikaota sugu na macho yakawa mekundu kama ya mpishi wa kuni. Mumewe hakuambiwa malipo ni nini. Na Milimita, bila kujua kwamba anashonewa riziki yake mwenyewe, alirudisha kola kadhaa akidai ncha zake hazilingani.

Shati la mwisho lilipokabidhiwa, mkewe alimwambia. Milimita alichukua kitambaa akaanza kufuta meza iliyokuwa safi, na alipoona amefuta mahali pamoja muda mrefu, akauliza ni mashine ya kampuni gani.

"Haina jina," alisema Mama Sindano.

"Kila mashine ina jina. Lipo kwenye kibao, hapa mbele, kama kwenye paji la uso."

"Basi paji la uso la hii halina kitu. Kwani wewe unataka kukereza nayo au kuiposa?"

Huo ulikuwa mwiba wa kwanza. Mashine isiyo na jina ni kama mgeni asiyesema kwao ni wapi: huenda ni mtu mwema, huenda amefukuzwa. Mwiba wa pili ulikuja kwa simu, jioni hiyohiyo. Alikuwa shemeji yake, yule dereva, amepiga kumpongeza. Alikuwa ameigusa mashine kwa mikono yake, alisema, akaizungusha zungusha.

"Wala usiwe na wasiwasi, shemeji," alimalizia. "Mashine inacheza."

Milimita alikata simu bila kuaga.

Hapa lazima neno hili lielezwe, maana ndilo lililomnyima mtu usingizi. Kwa watu wa kawaida, kitu kinachocheza ni kitu kizuri: mtoto hucheza, muziki huchezwa, timu yako hucheza hata kama inafungwa. Kwa mkereza, kucheza ni ugonjwa. Bolti inayocheza imelegea. Mhimili unaocheza umekula nyumba yake. Mashine inayocheza ni mashine iliyochakaa viungo, ukiiambia ikate duara inakupa yai, ukiiambia ikate bomba inakupa karoti. Milimita mwenyewe aliwahi kusimama mbele ya mashine ya namna hiyo, akasema neno hilo moja tu, "inacheza", na wenzake wakavua kofia.

Alitaka kuuliza inacheza wapi. Lakini mkewe alikuwa amekaa pale akijipaka mafuta kwenye kile kidole, akiimba, na alikuwa hajaimba tangu kufuli. Sare zilishavaliwa, nyingine zilishachafuliwa. Huwezi kumvua mtoto wa watu shati ukalifumua upate jasho lako. Shule ilikuwa imesema fundi mwenyewe aje aangalie, atamke palepale kama anaichukua. Akiikataa, madai ya mama yatapelekwa kwenye kamati, na kamati, kama ijulikanavyo, ni mahali madai yanapopelekwa kuzeeka. Kwa hiyo ilikuwa hivi: akikuta mashine ni mzoga, ama amwambie mkewe kwamba amelishonea bure jeshi zima la watoto, ama adanganye. Na kudanganya hakujui. Alishawahi kujaribu mara moja, mama mkwe alipomuuliza kama amenenepa, na hadi leo huko ukweni anakula akiwa amekaa karibu na mlango.

Usiku ule aligeuka geuka mpaka mkewe akamwambia kwamba kama ni furaha basi aifurahie upande wake wa kitanda.

Asubuhi walipanda lori la shemeji, watatu kiti kimoja. Milimita alipakata mkoba wake wa vifaa na kipande cha nondo alichokifunga kwa mabaki ya kitambaa cha sare, kama mtu anayepeleka mtoto kliniki. Hakusema neno njia nzima. Mama Sindano alimtazama kwa pembe ya jicho, na kadiri lori lilivyokwenda ndivyo wimbo wake ulivyofifia. Mtu aliyekesha kwa ajili yako hahitaji shukrani nyingi, lakini uso wa mazishini si moja ya anazozitarajia.

Stoo ilikuwa nyuma ya madarasa, chumba kirefu chenye madirisha ya juu. Aliyewapokea ni mtunza stoo, mzee mwembamba mwenye funguo nyingi kuliko milango, ambaye watoto na walimu walimwita Bwana Stoo. Aliondoa madawati, akaondoa mapipa ya rangi, akavuta turubai kwa madaha kama anazindua sanamu.

Mashine ilikuwa ya buluu. Yote. Reli, gia, gurudumu, hadi mkanda ulikuwa na madoa ya buluu. Milimita akaisogelea, akapapasa paji la uso lake, akakuta matundu manne madogo yaliyozibwa kwa rangi, mahali palipokuwa na kibao cha jina.

Bwana Stoo alieleza bila aibu yoyote. Kila mgeni mkubwa alipotarajiwa shuleni, agizo lilitoka kwamba kila kitu kipakwe rangi, na mashine ilikuwa kitu. Mpaka rangi mmoja, mtu makini, alikifungua kibao ili apake vizuri, kisha akakihifadhi mahali salama. Palikuwa salama kweli, alisema Bwana Stoo, kwa maana hapajapatikana tena.

Milimita alikwangua kwa ukucha. Chini ya buluu kulikuwa na kijani, chini ya kijani kijivu, na chini ya kijivu chuma chenyewe, cheusi na kilaini, chuma cha watu waliokuwa hawana haraka. Moyo ukampiga kidogo. Akaubana. Inacheza wapi?

Mtu asiye na jina hutambuliwa kwa meno na viungo, basi akaanza na viungo. Alishika gurudumu dogo linalosukuma kisu. Namba zake zilikuwa zimemezwa na rangi. Akalizungusha mzunguko mmoja kamili, akapima kwa kalipa kisu kimesogea kiasi gani. Shemeji, ambaye hakuweza kumwona mtu akisoma kitu bila kuchungulia, akachungulia na kutangaza kwamba ni milimita mbili na nusu.

"Na kachembe," alisema Milimita.

Shemeji akasema kachembe si kitu. Milimita akamtazama kama padri anayemtazama mtu aliyesema dhambi ndogo si kitu. Akazungusha mizunguko kumi, na kale kachembe kakazaa. Kalipa haikusema ishirini na tano. Ilisema ishirini na tano na nukta nne, na hiyo ni inchi moja, kamili, bila ubishi. Mtu angeipuuza ile chembe angeondoka akiamini mashine ni ya milimita, akainunulia gia za milimita, na kila skrubu atakayokata ingegoma kuingia popote duniani.

"Huyu ni mzee wa inchi," alisema polepole. Akainama kutazama umbo la reli, kingo zake za mraba, mkunjo wa mpini. Kampuni hakuijua. Ukoo aliujua. Mashine aliyojifunzia kazi, kabla hata ya karakana ya pampu, ilikuwa na miguu kama hii.

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Mama Sindano akacheka. Alisema maisha yake yote ameshona kwa inchi huku akihukumiwa kwa milimita, na sasa mume wake amepata mashine ya inchi. "Mungu hamtupi mja wake," alisema, akaketi kwenye dawati la watoto, magoti yakifika kidevuni.

Milimita hakucheka. Alikuwa amefika kwenye mdomo wa mashine, pale mbele ambapo chuma cha kukerezwa hung'atwa, na mdomo ulikuwa mtupu.

"Na chaki yake iko wapi?" aliuliza.

Bwana Stoo akasema hilo tu lisiwatie shaka, akatoka mbio. Alirudi amekumbatia boksi. Ndani yake kulikuwa na chaki za ubaoni, nyeupe na za rangi, mpya kabisa.

Ilibidi Milimita aeleze kwamba mafundi nao wana chaki yao, bamba zito la duara lenye meno matatu linaloshika chuma kisichopoke, na kwamba bila hiyo mashine ni kibogoyo. Bwana Stoo alisikiliza, akakuna kichwa, akauliza kwa mikono. La duara? Zito? Lina meno yanayoingia na kutoka? Akawaongoza hadi ofisi kuu. Pale chini, likiwa limezuia mlango wa ofisi usijifunge kwa upepo, lilikaa bamba la chaki, limepakwa buluu. Viongozi kadhaa wa shule walikuwa wamejikwaa hapo kwa zamu, na kila mmoja alimwachia mwenzake kama sehemu ya majukumu. Shemeji akalibeba begani. Mlango wa ofisi ukajifunga kwa kishindo nyuma yao, na ndani mtu akauliza nani amefanya hivyo.

Kabla ya kulifunga mahali pake, Milimita alitaka kujua habari za reli. Mashine iliyofanya kazi sana huliwa karibu na mdomo, kwa kuwa ndipo kazi nyingi hufanyika, na mbali hubaki nzima. Alikaza skrubu za kigari kinachobeba kisu mpaka kikawa kinasogea kwa shida tu pale mdomoni, kisha akaanza kukisukuma kwenda mwisho. Kama reli imeliwa, kingekwama huko mwishoni. Alikisukuma akiwa amefumba macho.

Kikaenda mpaka mwisho bila kukwama.

Akakirudisha. Akakaza zaidi. Kikaenda tena, kwa uzito uleule, kama droo ya kabati jipya. Akapitisha ukucha ukingoni akitafuta ngazi, hakuna ngazi. Mtu aliyezoea mabaya akikutana na jema hulitafutia kasoro, basi akageuka akauliza kwa ukali hii mashine imefanya kazi gani tangu ifike hapa.

"Kazi?" alisema Bwana Stoo, akionekana kama ametukanwa.

Ikajulikana kwamba mashine ililetwa wanafunzi wajifunze ufundi. Lakini mwalimu wa ufundi aliogopa wangeiharibu, akapiga marufuku isiguswe. Masomo ya kukereza yalifanyika darasani, ubaoni, kwa chaki, ile ya kuandikia, na vijana wengi walifaulu vizuri sana. Mashine yenyewe ilitiwa mafuta kila muhula na Bwana Stoo, kwa kuwa iliandikwa kwenye majukumu yake na hakuna aliyekumbuka kuifuta. Kwa maneno mengine, shule ilikuwa imeilinda mashine dhidi ya elimu, na imefanikiwa.

Milimita alisimama pale, matone ya kwanza ya matumaini yakimwingia kwa siri kama maji kwenye kiatu. Lakini shemeji alishaizungusha mashine kwa mkono na kusema inacheza. Kama si reli, basi ni mhimili, ule unaolizungusha bamba, na mhimili ndio roho. Akafunga bamba. Akaingiza ubao chini yake, akaukandamiza kwa uzito wake wote, kidole kikiwa pale pengo lingefunguka. Hakikuhisi kitu. Akafunga ile nondo yake menoni, akazungusha kwa mkono, akachukua chaki moja nyeupe kutoka boksi la Bwana Stoo na kuisogeza taratibu mpaka ikagusa chuma. Nondo inayoyumba huchorwa upande mmoja tu. Hii ilijichora mstari mwembamba ukazunguka, ukaukuta mkia wake wenyewe.

"Mnaona," alisema Bwana Stoo, "chaki yangu nayo ilihitajika."

Ikabaki umeme. Stoo ilikuwa imejengwa iwe karakana, kwa hiyo nyaya zilikuwepo, na swichi ilikuwepo, buluu. Milimita akaomba watu wasogee nyuma. Akabonyeza.

Mashine ikaguna, ikaanza kuzunguka, na hapohapo ikaanza kugonga. Dug, dug, dug, kama mtu mwenye kisigino kimoja. Milimita akatega sikio. Basi ndipo inapocheza. Jino la gia limekatika, au nyumba ya mhimili imepasuka kwa ndani ambako kidole hakifiki. Alijua kwamba mkewe amesimama nyuma yake, na alijua kwamba akigeuka, uso wake utakuwa umeshasema kila kitu. Hakugeuka. Alitafuta sentensi ambayo haikuwa uongo wala haikuwa kisu, na katika Kiswahili chote alichokuwa nacho hakuiona.

Mama Sindano ndiye aliyesema. Alikuwa amesogea, ameinamisha kichwa upande kama anavyofanya akisikiliza cherehani.

"Iache iendelee," alisema. "Huo ni mkanda."

Milimita akasema kwa sauti ndogo kwamba hana hakika.

"Mimi ninayo. Cherehani yangu ikilala muda mrefu, mkanda unakaa na kijongo pale ulipokunjika. Ikiamka inalia hivyohivyo. Iache itembee, kijongo kitanyooka. Nilipoiamsha baada ya kuugua mwezi mzima, kwani hukuisikia? Ulikuwa unapima vifungo."

Wakaiacha. Walisimama wote wanne wakiisikiliza, kama watu wanaosubiri chungu kichemke. Dug, dug. Dug. Kisha ikawa du, kisha ikawa pumzi, kisha ikabaki sauti moja tu, laini, ya chuma kinachozunguka ndani ya mafuta. Milimita aliijua sauti hiyo. Alikuwa hajaisikia tangu kufuli.

Alifunga kisu, akakata. Ganda refu la chuma likaanza kuchomoza kutoka kwenye nondo, likajikunja, likaanguka sakafuni likiwa linang'aa. Alikata kutoka ncha hadi mdomoni, taratibu, bila kupumua sana. Akazima. Akafuta nondo kwa kile kitambaa cha sare. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya katika maisha yote ya ndoa yake: akampa mkewe kalipa.

"Pima huku," alisema, "halafu pima kule. Kama ni duara la kweli na imenyooka, pande zote zitasema kitu kimoja."

Mama Sindano aliishika kalipa kama mtu anavyoshika jogoo wa jirani aliyemdonoa mara nyingi. Akapima ncha, akasogea kwenye mwanga wa dirisha, akasoma. Akapima upande wa mdomo, akasoma tena, akarudi kusoma ule wa kwanza.

"Zinasema kitu kimoja," alisema. "Na kachembe vilevile, pande zote."

Milimita akaketi. Hakukuwa na kiti, akaketi juu ya boksi la chaki, na chaki kadhaa zikavunjika chini yake bila mtu kulalamika. Alimwambia Bwana Stoo kwamba anaichukua, leo, sasa hivi, na kwamba yeyote atakayejaribu kuipaka rangi njiani watazikana naye. Mkono wake ulikuwa bado umeshika mguu wa mashine. Mama Sindano aliuona mkono huo, akauelewa uso wa mazishini wa asubuhi, akatazama pembeni na kujifuta macho kwa kile kidole chenye sugu, akidai chuma kimemrukia.

Shemeji alikuwa anaizunguka mashine akiwa ameweka mikono kiunoni, mwenye mashine kuliko mwenye mashine.

"Si nilikwambia?" alisema. "Nilikwambia inacheza. Nililishika lile gurudumu, nikalisukuma kwa kidole kimoja tu, likacheza lenyewe kama mziki. Sasa wewe ulikuwa umenuna nini njia nzima?"

Usiku mzima, njia nzima, na kila skrubu aliyoigusa akitafuta ugonjwa, vilipita mbele ya macho ya Milimita kwa zamu. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika reli asianguke, mpaka Bwana Stoo naye akacheka bila kujua anacheka nini. Alipopata pumzi alieleza, na Mama Sindano akamgeukia mdogo wake akamwambia kwamba kuanzia leo ahubiri habari za tairi tu, mashine awaachie wenyewe.

Kuitoa ilikuwa kazi ya mchana mzima, kwa mbao, kwa mabomba ya kuviringishia, kwa walimu wawili waliokuja kutazama na kujikuta wanasukuma. Ilikwenda moja kwa moja hadi chumba cha jirani yao, kilichokuwa cha mashine ya kusaga unga na chenye umeme wa kutosha, ambacho Mama Sindano alikuwa ameshakiomba bila kumwambia mumewe. Kilikuwa upande wa pili wa barabara. Alikuwa amepima umbali huo kwa macho, na akaridhika kwamba kalipa haifiki.

Kesho yake asubuhi, Milimita akiwa bado anakwangua buluu, mkewe alivuka barabara amebeba gurudumu la chini la cherehani yake, lile la urithi. Alikuwa mteja wake wa kwanza. Akaliweka mezani, akajifuta mikono, akajibu kabla ya kuulizwa.

"Linacheza," alisema.

Milimita aliinua kichwa. "Kucheza kwangu au kucheza kwa shemeji?"

"Kwako," alisema Mama Sindano, akashika njia ya kurudi chumbani kwake, ambako kulikuwa na mahali pa mtu mmoja kukaa. Katikati ya barabara alianza tena ule wimbo.